Sungura mwenye ulemavu wa miguu: yupi utamuweza?

Mtu akiletewa sungura mlemavu hutazama mguu kwanza. Anauona umetawanyika ubavuni kama kasia la ngalawa, au haupo kabisa, anaingiwa na huruma, anamchukua. Lakini mguu sio unaompa mlezi kazi. Kazi inatokana na mambo mawili: je, mdomo wake unafika kwenye makalio yake mwenyewe? Na mkojo, anautoa kwa hiari yake au unamtoka tu? Sungura wa miguu mitatu anayeyaweza yote mawili ni mwepesi kumlea kuliko mwenye miguu minne kamili ambaye ya nyuma haina habari na mwili. Tumelinganisha kwa kipimo hicho, tukizingatia hali ya Unguja na Pemba: joto, unyevu, inzi, sakafu za marumaru, na nyumba ambazo watu wanasali.

Kwa nini makalio

Sungura ana choo cha aina mbili. Kile kinachoonekana mchana ni punje kavu za duara, kubwa kidogo kuliko mbaazi. Cha pili ni laini, cheusi, kinang'aa kwa utando, vidonge vidogo vimeshikana kama kishada cha zabibu. Hicho hakiachi kianguke. Huinama akakipokea kwa mdomo kinapotoka, kwa sababu bado kina vitamini na protini anazozihitaji. Asiyeweza kuinama hukikalia. Kinaganda kwenye manyoya, kinachanganyika na mkojo, inzi wanafuata harufu. Mayai ya inzi huanguliwa ndani ya siku moja tu, na mafunza yakishaanza kula ngozi sungura anaweza kufa kabla hujapata daktari. Ulaya jambo hili ni la kiangazi. Hapa ni la Januari hadi Disemba, kwa hiyo ukaguzi wa chini ya mkia ni asubuhi na jioni, kila siku, hata sikukuu.

Dakika kumi kabla ya kumchukua

Mtandikie jamvi na umkalishe hapo. Usimjaribu juu ya marumaru, maana hata mzima atateleza na hutajua lililo la ulemavu na lililo la sakafu. Tia jani la mgomba au matembele hatua moja mbele yake, kisha ondoa mkono. Akifika, kwa kuruka, kujiburura au kutambaa, ana nguvu ya kuishi. Mwangalie anavyojisafisha: anageuza shingo hadi kwenye mbavu, au anafika hadi kwenye kiuno? Kisha mnyanyue mkia. Manyoya makavu ni habari njema. Yakiwa na rangi ya manjano, mabichi, na ngozi nyekundu chini yake, huyo anajikojolea, hata aliyemleta akiapa kuwa ni maji ya kunywa yalimmwagikia.

Jaribio la mwisho ni kumbana kidole cha mguu wa nyuma kwa kucha zako mbili. Hapa wengi hudanganyika. Mguu kujivuta peke yake si dalili kwamba anahisi, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kufanya hivyo bila ubongo kujua. Unachokitafuta ni yeye mwenyewe kushtuka: kugeuza kichwa, kutaka kukimbia, kulalamika. Mguu ukijivuta na huku uso unaendelea kutafuna, hisia haipo.

Ukipata nafasi, muombe mwenyewe akuoneshe banda asubuhi kabla halijafagiliwa. Vishada vya choo laini vikiwa vimezagaa chini, huenda sungura hafikii. Swali hilo halihitaji daktari.

| Hali | Anajisafisha? | Usafi na ukaguzi kwa siku | Anamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Hana mguu mmoja wa nyuma | Ndiyo, ila sikio la upande ule | Dakika 10 hadi 15 | Hata mlezi mpya |
| Hana mguu mmoja wa mbele | Ndiyo, ila uso upande mmoja | Dakika 10 hadi 15 | Mlezi mpya mwenye subira |
| Miguu ya nyuma imetawanyika | Nusu kwa nusu | Nusu saa | Aliyepo nyumbani asubuhi na jioni |
| Miguu yote ya mbele imetawanyika | Kwa shida | Dakika 45 | Aliyewahi kufuga |
| Amepooza nyuma | Hapana | Saa nzima au zaidi kwa jumla, kwa awamu tatu | Nyumba yenye watu wawili wanaoijua kazi |

Kulisha na kufagia hazimo kwenye dakika hizo.

Aliyekatwa mguu

Huyu ndiye tunayempendekeza kwa anayeanza. Jeraha likishapona hujifunza kuruka upya, na baada ya muda mgeni huhitaji kutazama mara mbili kujua kuna upungufu. Mambo ya kuangalia ni machache lakini hayana mjadala. Uzito wote wa nyuma unaangukia kisigino kimoja, na sungura hana nyama ngumu chini ya wayo kama paka, ana manyoya tu. Kila Ijumaa, au siku yoyote usiyoisahau, tazama kisigino hicho. Ukiona upara wa duara na ngozi nyekundu, basi sakafu ni ngumu au sungura ni mnene, na mara nyingi ni yote mawili.

Sikio la upande usio na mguu wa nyuma halina wa kulikuna. Nta hujaa. Lifute mara mbili kwa mwezi kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, sehemu unayoiona tu. Usitie kijiti ndani. Kwa asiye na mguu wa mbele kazi hiyo inahamia kwenye jicho, kwani ute hukauka pembeni.

Aliyetawanyika

Kwanza uliza umri. Mtoto wa sungura akikulia kwenye sakafu inayoteleza, miguu inashindwa kukaa chini ya mwili na viungo vinajijenga vibaya. Wengine huzaliwa nayo kwa urithi, ndiyo maana sungura wa aina hii hazalishwi. Kabla ya kutimiza wiki tatu au nne bado kuna nafasi ya kumrudisha. Unachukua ukanda wa bendeji inayojishika yenyewe, upana wa sentimita 1 hadi 1.5, unaupitisha kwa umbo la tarakimu 8 kwenye miguu miwili juu ya visigino, ukiacha katikati nafasi sawa na upana wa nyonga zake. Lengo ni kuizuia isifunguke. Usiifunge pamoja. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, umekaza: fungua mara moja. Badilisha kila siku mbili au tatu, maana mtoto anakua haraka kuliko bendeji. Fanya kwa haraka na umrejeshe kwenye kiota, kwa sababu mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, na akikosa mlo mmoja amekosa nusu ya siku au siku nzima. Chini yake pawe na kitambaa cha kushika, kwani bendeji juu ya sahani ya plastiki ni kazi bure.

Kwa mkubwa, usifunge chochote. Viungo vimeshakaa, na kamba itakupa vidonda tu. Kuna wanaompeleka kwa fundi wa kuunga mifupa, yule yule anayewafaa watu. Hapana. Mifupa ya sungura ni myepesi mno, kama asilimia 8 tu ya uzito wake, na misuli ya nyuma ina nguvu kupita kiasi. Ukimvuta naye akapiga teke, mgongo ndio unaovunjika. Mkubwa aliyetawanyika anasaidiwa kwa sakafu nzuri, uzito mdogo na kukoshwa makalio.

Miguu ya mbele ikitawanyika shida ni nyingine. Kifua na kidevu vinaburura chini, vinalowa, vinachubuka. Bakuli lake liwe la udongo, zito, mdomo usiozidi sentimita 4 kwa kimo. Chupa ya kuning'inia haimfai, hawezi kuinua kichwa kuifikia.

Aliyepooza nyuma

Swali la kwanza: ilianza ghafla au pole pole?

Ghafla, mara nyingi ni mgongo. Watoto humnyanyua kwa masikio, au mtu humbeba matako yakining'inia, anapiga teke moja hewani na pingili za kiunoni zinaachana. Ikitokea leo, mlaze juu ya ubao, mfunike, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Iliyotokea miezi iliyopita na hisia haipo, mchukue ukijua miguu hiyo hairudi.

Pole pole, huenda ni kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, kinachoingia kwenye ubongo na figo na kuenezwa kwa mkojo. Miguu hulegea siku hadi siku, pengine kichwa kikapinda upande mmoja. Huyu anaweza kupata nafuu. Dawa inayotumika ni fenbendazoli, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 28 mfululizo. Ni dawa ile ile ya minyoo ya mbuzi, lakini chupa za dukani zina nguvu tofauti tofauti, kwa hiyo kipimo akitoe daktari baada ya kumpima uzito. Kama una sungura wengine, mtenge.

Kwa wote wawili, kibofu ndicho kinachoamua. Kikijaa bila kutoka, ukigusa tumbo karibu na mapaja unahisi kitu kama limau. Kinahitaji kukamuliwa mara mbili hadi tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku. Usijifunze kwa kusoma, wala kwa haya tuliyoandika sisi. Daktari aweke mkono wako chini ya wake mpaka ujue nguvu inayotosha, kwani ukizidisha kibofu hupasuka. Mkojo wa sungura una chokaa nyingi kwa maumbile, na asiyetembea chokaa hiyo hutuama kama tope. Kama nyumba haina mtu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, usimchukue sungura huyu. Kusema hapana hapa si roho mbaya.

Sakafu, ambayo ndiyo nusu ya kazi

Marumaru ni baridi, na sungura atayatafuta mwenyewe wakati wa kaskazi. Lakini kila hatua inamfungua miguu zaidi. Mwachie kipande kimoja cha marumaru cha kulalia, sio cha kutembelea. Saruji tupu inakwaruza na kunyonya mkojo. Wavu wa banda la wafugaji unawafaa sungura wazima wepesi, lakini kwa mlemavu vidole vinanasa.

Jamvi ni rahisi, linashika vizuri, na akilitafuna halimdhuru. Ubaya wake ni kwamba linakunywa mkojo halirudishi, na wakati wa masika linaota ukungu kwa siku chache. Kwa wa miguu mitatu anayetumia choo chake, jamvi linatosha kabisa. Mkeka mzuri wa ukindu uache kwa ajili ya wageni: ni laini, unateleza, na una rangi za kutia. Usumba huonekana kama godoro la bure, lakini nyuzi zake hujizungusha mguuni, na kwa mguu usio na hisia zinaweza kuzuia damu isipite siku nzima bila yeye kuonesha dalili. Maranda ya seremala, yale mapana yasiyo na vumbi wala dawa ya mbao, yanafaa ndani ya choo. Kwa aliyepooza hayafai, yanaganda makalioni.

Kwa aliyepooza na aliyetawanyika vibaya, tandiko tunalolitegemea lina tabaka nne. Chini kabisa kipande cha turubai. Juu yake sponji ya sentimita 4 au 5 iliyovalishwa mfuko wa plastiki mnene. Kisha taulo kuukuu lililokunjwa mara mbili. Juu kabisa flisi, kile kitambaa cha manyoya laini cha majaketi ya baridi. Madukani ni nadra, lakini kwenye mafungu ya mitumba kimejaa, kwa kuwa Unguja hakuna anayekihitaji. Kikoshe mara mbili au tatu bila dawa ya kulainisha nguo, baada ya hapo mkojo unapenya na kushuka kwenye taulo, na juu panabaki pakavu. Weka seti tatu, na tano wakati wa masika, kwani nguo hazikauki. Kucha zikiwa ndefu zinanasa kwenye taulo, basi zikate kila wiki nne hadi sita.

Choo cha wanaojiweza kitengeneze kwa dumu la lita 20. Lilaze ubavu, kata upande wa juu wote, kisha mbele teremsha mlango hadi sentimita 3 tu kutoka chini. Funga ukingo kwa plasta ya kitambaa, plastiki iliyokatwa ni wembe. Ndani tandika kitambaa kabla ya maranda asiteleze anapoingia.

Nepi au wazi?

Wengi hapa tunafuata madhehebu ya Shafi, na mkojo wa mnyama, hata wa anayeliwa, ni najisi. Ndiyo maana nepi ndiyo inayokuja akilini kwanza. Inawezekana: nepi ya mtoto mchanga, itobolewe tundu la mkia, ivalishwe kinyume. Lakini asikae nayo zaidi ya muda wa saa mbili au tatu, wala asilale nayo usiku. Katika joto letu ngozi inaiva humo ndani, na nepi inamzuia kula kile choo laini hata kama ana uwezo wa kukifikia. Tunaona bora umjengee uzio wa mita 1.5 kwa 1.5 kwenye pembe ya ukumbi isiyosaliwa, pamoja na kandambili za kuingilia humo tu. Nepi ibaki ya safari na ya kupakatwa.

Akilowa, mkoshe sehemu ile tu kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi ikiwa imechubuka tumia maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kausha hadi kwenye ngozi, kisha paka mafuta ya mgando kwa utando mwembamba. Usimzamishe mwili mzima. Na mafuta ya karafuu, tunajua yapo kila nyumba ya Pemba, yasikaribie: yanaunguza ngozi iliyochubuka, naye atayaramba.

Kigari

Mbwa aliyepooza hufurahia kigari cha magurudumu. Sungura ni nadra. Mwili wake umejengwa kwa kukunja miguu ya nyuma na kuruka, na kigari kinamnyoosha. Ukitaka kujaribu, fremu ya paipu ya plastiki ya nusu inchi inatosha, na kitambaa kipana chini ya tumbo, sio kamba. Iwe dakika kumi hadi kumi na tano ukiwa umekaa naye, kifua kikiwa sambamba na kiuno. Aliyetawanyika mbele hakimfai kabisa. Pesa ya kigari ukiinunulia flisi utamsaidia zaidi.

Joto, chakula, dawa

Sungura hatoi jasho. Joto humtoka kupitia masikio, kwa hiyo panka pekee halimpozi likiwa linasukuma hewa ya moto. Chini ya paa la makuti ana nafuu kuliko chini ya bati. Mtilie chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa, na umfute masikio kwa maji ya kawaida. Mzima hujisogeza mbali na chupa akichoka baridi. Aliyepooza hawezi kujisogeza, basi iweke ubavuni pake palipo na hisia, na umgeuze. Nje usimwache peke yake hata dakika tano: kunguru hawamuonei haya mnyama asiyekimbia.

Majani, yaani nyasi, yawe chakula kikuu, rundo la ukubwa wa mwili wake kila siku, yaliyoanikwa kivulini. Matembele, majani ya mgomba na majani ya bustani yanaongezea. Pumba na chakula cha vidonge kisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Majani ya muhogo, ya mparachichi, ya mbatata na ya tungule, usitie. Mkate na wali pia. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Akipungua asilimia 10 kuna tatizo hata kama anaonekana mchangamfu. Akikaa saa 12 bila kula wala kutoa choo, hiyo ni dharura.

Daktari asiyemzoea sungura mkumbushe kwa adabu: amoksisilini na jamii ya penisilini za kunywa huua bakteria wazuri wa tumbo lake, na fipronili, dawa ya viroboto wa mbwa, ni sumu kwake. Vidonge vya maumivu vya watu usimkatie.

Kuna watakaokuuliza kwa nini hukumchinja siku ile ile. Ni halali, na kwa aliye na maumivu yasiyoshikwa na dawa, anayesaga meno na kukataa majani, kumpumzisha ni bora kuliko kumtazama. Ila aliyekwishapewa dawa asiingie sufuriani kabla hujamuuliza daktari siku ngapi lazima zipite.